Bodi mpya, nyaya za zamani: mambo ya kujua kabla ya kubadilisha kisanduku cha fyuzi

Nyumba inapokarabatiwa, kisanduku cha fyuzi hukumbukwa mwishoni. Vigae vimeshachaguliwa, rangi imeshaamuliwa, makabati ya jikoni yako njiani, ndipo fundi umeme anafungua kile kisanduku cha zamani chenye fyuzi za kauri na kusema hiki nacho kibadilishwe. Mwenye nyumba anakubali haraka, maana bodi mpya yenye breka (swichi zinazojikata zenyewe mkondo ukizidi) zilizopangwa safu inaonekana salama kwa macho tu. Siku ya kuwasha, swichi moja inakatika. Inarudishwa, inakatika tena. Lawama zote zinaiangukia bodi mpya: ile ya zamani haikuwa na usumbufu huu.

Hitilafu hiyo mara nyingi ilikuwepo miaka yote. Bodi ya zamani haikuwa na kifaa cha kuiona. Ukilielewa hilo mapema, utapanga ukarabati wako kwa namna nyingine kabisa, kwa sababu utajua kwamba kubadilisha bodi ni kazi inayoanzia kwenye nyaya zilizomo ukutani na kuishia kwenye bodi.

Kinacholindwa na breka

Wengi hudhani breka ipo kwa ajili ya kulinda friji, televisheni au mtu anayeshika soketi. Kazi yake hasa ni kuulinda waya uliofukiwa ukutani usipate joto la kuunguza. Kila waya una kiwango cha mkondo unaoweza kuubeba bila kuliharibu ganda lake, na joto halipandi sambamba na mkondo: mkondo ukiongezeka mara mbili, joto linalozalishwa ndani ya waya huongezeka mara nne. Ganda la kawaida la PVC limetengenezwa kuvumilia nyuzi joto 70 za Selsiasi kwa matumizi ya kudumu. Likizidishiwa hapo kila siku, hukauka, hupasuka, na mwisho hushindwa kutenganisha waya na waya.

Fyuzi hulinda waya kwa kuyeyuka yenyewe kwanza. Ni fikra nzuri na ya zamani; Thomas Edison alipewa hataza ya fyuzi yake mwaka 1890. Lakini fyuzi zile ambazo mtu hufunga kiwaya kwa mkono zinaweza kupitisha karibu mara mbili ya ampea zilizoandikwa kabla hazijayeyuka. Isitoshe, hakuna kinachomzuia mtu aliyechoka na giza kufunga waya mnene kuliko unaotakiwa. Ndiyo maana si ajabu, ukifungua kisanduku cha miaka mingi, kukuta kipande cha shaba ya kawaida kimekaa mahali pa kiwaya cha fyuzi. Saketi hiyo, yaani njia ya umeme inayolishwa kupitia fyuzi hiyo, haina ulinzi tena. Itakapozidiwa, kitakachoyeyuka ni waya uliomo ukutani.

Breka ndogo za kurudisha kwa kidole zimekuwepo tangu Hugo Stotz na Heinrich Schachtner walipopata hataza yao Ujerumani mwaka 1924, na mpaka leo zinafanya kazi kwa njia mbili kwa pamoja. Ndani yake kuna bamba jembamba la metali mbili zilizogandamana, ambalo hujipinda polepole likipata joto. Hilo hushughulikia mzigo uliozidi. Pia kuna koili inayogeuka sumaku na kufyatua swichi papo hapo. Hiyo hushughulikia shoti. Bamba lina subira kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kwa kiwango cha kimataifa cha breka za majumbani, breka ya ampea 16 ikipitishiwa ampea 18 hivi inatakiwa ivumilie saa nzima bila kukatika, na ikipitishiwa ampea 23 hivi inatakiwa iwe imekata kabla saa moja haijaisha. Kwa hiyo breka inayokatika kila jioni jikoni si dhaifu. Imeshavumilia vya kutosha.

Hapo ndipo linapofanyika kosa ambalo naliogopa kuliko mengine yote katika kazi hii: kuondoa breka ya 16 na kuweka ya 32 “ili isisumbue”. Usumbufu huisha kweli. Waya, hata hivyo, umebaki ule ule, na sasa unaweza kupitishiwa mkondo maradufu ya uwezo wake bila breka kushtuka. Kama mzigo umeongezeka, dawa ni kuugawa kwenye saketi mbili au kupitisha waya mnene zaidi. Waya ndio unaoamua ukubwa wa breka, na kamwe mambo hayageuzwi kinyume.

Kwa nyaya za shaba, saketi ya taa kwa kawaida hutumia milimita za mraba 1.5 na breka ya ampea 6 au 10, soketi milimita za mraba 2.5 na breka ya 16 au 20, jiko la umeme au hita kubwa milimita za mraba 6 au zaidi na breka ya 32. Hivyo ni viwango vya kuanzia tu. Nyaya kadhaa zikibanwa pamoja kwenye bomba moja, au zikifunikwa na sufu ya kuzuia joto juu ya dari, uwezo wao hushuka, na fundi makini hupunguza ampea za breka kulingana na hali hiyo. Kukadiria mzigo ni rahisi: gawanya wati kwa volti. Hita ya kuogea ya wati 5,500 kwenye umeme wa volti 230 inavuta karibu ampea 24, kwa hiyo haiwezi kuishi kwenye saketi ya soketi hata kama plagi yake inaingia.

Nani basi anamlinda mtu?

Mkondo wa miliampea 10 hivi ukipita mwilini unaweza kukaza misuli ya mkono mtu asiweze kuachia alichokishika. Ukizidi miliampea 30 na kuendelea kupita, moyo unaweza kupoteza mapigo yake. Linganisha na breka ya ampea 16, yaani miliampea 16,000. Mtu anaweza kufa akiwa ameshika waya na breka isijue kama kuna lolote.

Kifaa kinachojua ni swichi ya uvujaji, ile ambayo usoni huandikwa RCD na huwa na kitufe kidogo cha kujaribia. Nyaya za laivu (unaoleta umeme) na nyutro (unaourudisha) hupita pamoja ndani ya pete ya chuma, na swichi hulinganisha umeme unaotoka na unaorudi, kama mtunza ghala anayehesabu magunia yaliyotoka na yaliyorudi bila kujali yalikwenda wapi. Hesabu zikipishana, kuna umeme unaopita njia nyingine: mwilini mwa mtu, kwenye ukuta wenye unyevu, kwenye bati la mashine ya kufulia. Charles Dalziel, profesa wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley aliyechunguza kwa miaka mingi jinsi umeme unavyoathiri mwili, alibuni kifaa cha aina hii mwaka 1961. Swichi za leo za majumbani hukata tofauti ikifika miliampea 30, ndani ya milisekunde 300, na uvujaji ukiwa mkubwa mara tano ya hapo hukata ndani ya milisekunde 40.

Swichi moja ya RCD inaweza kuwekwa kulinda nyumba nzima, ila mimi siipendi njia hiyo. Vifaa vya kielektroniki huvujisha kidogo kwenye ethi (njia ya kupeleka ardhini umeme uliovuja) hata vikiwa vizima, kwa sababu ya vichujio vilivyomo ndani yake. Kompyuta, mashine ya kufulia, jiko na taa za LED zikijumlishwa, nusu ya zile miliampea 30 inaweza kuwa imeshatumika kabla hakijaharibika kitu, na swichi nyingi hukata kabla ya kufika 30 kamili. Tena ikikata, nyumba yote inaingia gizani, ngazi na friji vikiwemo, kwa sababu ya pasi moja mbovu. Bodi nzuri hugawa saketi kwenye RCD mbili au zaidi. Iliyo bora zaidi huipa kila saketi kifaa chake kinachounganisha breka na swichi ya uvujaji, kinachojulikana kama RCBO. Hugharimu zaidi, lakini ni gharama ambayo ningeitetea hata kwa kupunguza makabati. Uliza pia aina yake: aina AC ni ya zamani na inaweza kupofushwa na mkondo wenye chembe za mkondo mnyoofu (DC, usiobadili mwelekeo) unaotoka kwenye vifaa vya kielektroniki, aina A huvumilia zaidi. Kama kuna chaja ya gari la umeme au paneli za jua, mwambie fundi kabla hajanunua chochote, kwani zina mahitaji yao.

Ethi, na bomba la maji lililong'olewa

Hakuna sehemu ya ukarabati inayosahaulika kama ethi, na ndiyo inayobeba vyote nilivyoeleza. Waya wa laivu ukigusa bati la jiko, ethi nzuri huufanya mkondo kuwa mkubwa ghafla na breka kufyatuka papo hapo. Ethi ikiwa dhaifu, mkondo unakuwa mdogo na breka inakaa kimya huku bati zima likiwa na umeme.

Tufanye hesabu. Tuseme ethi yako ni fimbo iliyochimbiwa ardhini na ukinzani wa njia nzima ni ohm 50. Volti 230 zikigawanywa kwa 50 zinatoa ampea 4.6. Breka ya 16 haitashtuka leo wala kesho, na mtoto atakayegusa jiko hilo ndiye atakayegundua. RCD itakata mara moja, maana ampea 4.6 ni zaidi ya mara 150 ya inachohitaji. Kwa nyumba zinazotegemea fimbo ya ardhini, basi, RCD si nyongeza. Bila hiyo ulinzi haupo.

Hesabu hiyo hiyo inaeleza zile herufi zilizoandikwa kabla ya namba kwenye breka. B hufyatuka papo hapo mkondo ukifika kati ya mara 3 na 5 ya ampea zake, C kati ya mara 5 na 10, D kati ya mara 10 na 20. Breka ya C ni nzuri kwa mota zinazovuta umeme mwingi zinapoanza kuzunguka. Lakini B32 inahitaji mkondo wa shoti wa ampea 160 ili tuwe na hakika kwamba itafyatuka mara moja, na C32 inahitaji 320. Ethi inayotosha kwa ile ya kwanza inaweza isitoshe kwa ya pili. Kubadilisha B kuwa C bila kupima ni kubahatisha.

Sasa njoo kwenye bomba. Katika nyumba nyingi za zamani, mabomba ya chuma ya maji ndiyo yaliyokuwa yakitumika kama ethi, kwa makusudi au kwa mazoea. Fundi bomba anakuja, anang'oa mabomba yenye kutu, anaweka ya plastiki, anaondoka na kazi imekamilika vizuri kabisa. Plastiki haipitishi umeme. Kuanzia saa hiyo nyumba haina ethi, na hakuna taa iliyozimika wala kifaa kilichogoma kuonyesha hivyo. Mafundi hawa wawili wasipozungumza, hakuna atakayejua. Kama kuna kitu kimoja cha kumuuliza fundi umeme kabla ya kumruhusu fundi bomba aanze, ni hiki: ethi ya nyumba hii inatoka wapi? Na mabomba ya chuma ya maji au ya gesi yatakayobaki yanapaswa kuunganishwa na ethi kuu kwa waya mnene wa kijani na njano, karibu na yanapoingia nyumbani.

Kwa nini bodi mpya hukatika

Turudi kwenye ile swichi iliyokatika siku ya kwanza. Mara nyingi chanzo chake ni nyutro.

Mafundi wa zamani, ili kuokoa waya, walizoea kuchukua laivu ya taa ya ngazini kutoka saketi ya ghorofa ya chini na nyutro kutoka saketi ya juu. Chini ya fyuzi mpangilio huo hufanya kazi miaka hamsini bila malalamiko. Weka saketi hizo kwenye RCD mbili tofauti, na taa ya ngazini ikiwashwa swichi moja inaona umeme umetoka haujarudi, nyingine inaona umerudi ambao haukutoka. Hukata. Wala si tatizo la starehe tu: fundi anayezima saketi ya juu akidhani nyutro yake haina umeme anaweza kurushwa na umeme unaorudi kutoka chini.

Chanzo kingine ni nyutro na ethi kugusana mahali fulani, pengine kwa msumari wa picha uliotoboa nyaya mbili kwa pamoja. Fyuzi haioni lolote. RCD huona, na kwa namna inayochanganya watu: inaweza kukata hata baada ya kuzima breka ya saketi yenye ubovu, kwa kuwa breka nyingi hukata laivu peke yake na nyutro hubaki imeungana. Mwenye nyumba anazima breka zote moja moja, anashindwa kumpata mhalifu, anahitimisha kuwa swichi ni mbovu. Njia ya kumpata ni kuchomoa nyutro za saketi hiyo moja baada ya nyingine, umeme mkuu ukiwa umezimwa, na kupima kila moja dhidi ya ethi.

Halafu kuna ganda lenyewe la waya. Nyaya za ganda la mpira za zamani hukauka na kumomonyoka kama zikiguswa, na kazi ya kuziingiza kwenye bodi mpya ni kuzigusa hasa. Nyumba yenye nyaya hizo haihitaji bodi mpya peke yake. Inahitaji nyaya mpya, na wakati wa kuziweka ni sasa kuta zikiwa wazi.

Utaratibu wa kazi

Kwa hiyo upimaji unatangulia. Kabla ya tindo la kwanza, fundi apime uhami wa kila saketi, yaani uwezo wa maganda ya nyaya kuzuia umeme usivuje, kwa kifaa kinachosukuma volti 500 za mkondo mnyoofu, umeme ukiwa umezimwa na vifaa vya kielektroniki vimechomolewa. Kiwango cha chini kinachokubalika kwa kawaida ni megaohm 1, na waya mzima hutoa zaidi sana ya hapo. Saketi iliyoshindwa huingizwa kwenye orodha ya nyaya za kubadilishwa, na hapo ndipo michoro ya jikoni na bafu inapopaswa kukutana na mchoro wa umeme.

Nyaya mpya hupimwa tena kabla plasta haijazifunika. Bodi yenyewe ifungwe mwishoni kadiri inavyowezekana, kwani vumbi la saruji huingia kwenye viungo vya breka, na plasta mbichi huweza kushusha vipimo vya uhami kwa siku kadhaa. Katikati ya kazi, mafundi watumie bodi ndogo ya muda yenye RCD. Wanashika mashine za umeme huku wamesimama kwenye maji na udongo. Wao ndio wanaoihitaji kuliko yeyote.

Mahali pa bodi pawe pakavu, panapofikika bila kusogeza kabati, mbali na bafu na sinki. Acha nafasi tupu, angalau moja kwa kila tano zinazotumika, kwa mahitaji ya baadaye. Uingereza, tangu Januari 2016, kanuni zinadai kasha la bodi za majumbani liwe la kitu kisichoshika moto, kama chuma, na sababu yake inafundisha: mioto ilikuwa ikianzia kwenye viungo vilivyolegea na kulishika kasha la plastiki. Kiungo kilicholegea hupata joto bila kuzidisha mkondo, hivyo hakuna breka itakayokiona. Fundi mzuri hukaza skrubu kwa bisibisi inayopima nguvu, kulingana na maelekezo ya mtengenezaji, na hachanganyi breka za chapa tofauti kwenye bodi moja, hata zinapoonekana kuingia.

Usoni mwa breka utaona pia namba ndani ya mstatili mdogo, mfano 6000. Hizo ni ampea za shoti ambazo breka inaweza kuzikata bila kupasuka. Karibu na transfoma mkondo wa shoti huwa mkubwa, na huenda ikahitajika 10000.

Kinga ya mawimbi ya umeme, ya radi na ya swichi kubwa za gridi, ni nyongeza ninayoiunga mkono, ilimradi ethi ni nzuri na nyaya zake ni fupi, jumla isiyozidi nusu mita. Usitegemee ikuokoe na umeme unaopanda au kushuka kwa dakika nzima. Kazi hiyo ni ya kifaa kingine kinachoangalia volti.

Kuhusu nani afanye kazi hii: fundi mwenye leseni, bila mjadala. Swichi kuu ikizimwa, nyaya zinazoingia kutoka kwenye mita bado zina umeme, na zinalindwa na fyuzi ya mgavi (kampuni inayokuletea umeme) peke yake, ambayo imefungwa kwa lakiri na si yako kuigusa. Mgavi ndiye wa kukata umeme huko.

Kazi ikiisha, dai karatasi ya vipimo: uhami wa kila saketi, ukinzani wa njia ya ethi, muda ambao kila RCD ilichukua kukata, na kwamba laivu na nyutro hazikupishana kwenye soketi. Dai pia kila breka iandikwe inalisha nini. Kisha, kila baada ya miezi sita au kama mtengenezaji alivyoagiza, bonyeza kile kitufe cha kujaribia. Kinathibitisha kwamba swichi inaweza kufyatuka. Hakipimi ethi hata kidogo, maana kitufe hutengeneza uvujaji wa bandia ndani ya swichi yenyewe. Hali ya ethi hujulikana kwa kipimo cha fundi tu, na inafaa irudiwe kila mabomba au msingi wa nyumba unapoguswa.